Profesa Aliyesahihisha Hirizi

Harufu ya udi iliingia saa nane mchana, katika nyumba ambayo udi haukuwahi kuchomwa, kwa sababu mwenyewe, Profesa Twalha, aliuita upuuzi. Alikunja pua, akafunga dirisha. Harufu ikazidi, maana ilikuwa ndani.

Bwana huyu alistaafu kufundisha chuo kikuu akarudi Nachingwea kuandika kitabu cha historia ya hisabati. Alizunguka Ruponda hadi Mandawa akiwauliza wazee walivyohesabu zamani, wakamkaribisha na uji wakamweleza, naye kila jioni alirudi nyumbani akiwacheka. Msomi mzima, adabu hana.

Asubuhi ile, mkewe Kulthumu akiwa anaoga, aliichukua hirizi ambayo mama huyo aliivaa mkononi tangu ana miaka tisa, alipopandwa na jini kwao Nandagala. Akaichana ngozi kwa wembe. Ndani mlikuwa na karatasi yenye mraba wa vyumba tisa, kila chumba na tarakimu yake. Profesa aliujua mraba huo, nusu ya kitabu chake ilihusu mambo hayo: kila mstari ukijumlishwa lazima utoe kumi na tano. Lakini hapa kila mstari uliopita katikati ulitoa kumi na nne. Chumba cha katikati kiliandikwa nne, badala ya tano.

"Hata kujumlisha hawajui!"

Akachukua kalamu nyekundu, akaikata nne, akaandika tano. Akapiga picha, akaishona hirizi, akairudisha ilipokuwa. Alijiona amefanya kazi.

Sasa Kulthumu alisimama mlangoni, kaishika hirizi mkononi.

"Baba Yasmini," alinong'ona, "umeifanya nini?"

"Kwani kuna nini?"

"Tangu utotoni namsikia huyu jini anahesabu. Anafika kumi na nne, anakwama, anaanza upya. Nilishamzoea. Leo kasema kumi na tano."

"Halafu?"

"Kanyamaza."

Profesa alifungua mdomo amkejeli, lakini stoo kitu kikavuta miguu, taratibu, kikapita jikoni, kikapita sebuleni ambako hapakuwa na mtu, udi ukakaba koo, na hatua zile zikaja mpaka nyuma ya Kulthumu zikaishia hapo, na mama wa watu akaanza kuvuta pumzi mbili mbili, moja yake, nyingine nzito ya mwanamume. Profesa akarudi nyuma mpaka ukutani, akakaa chini. Elimu yake yote haikumsaidia hata kusimama.

Kabla ya magharibi walikuwa Nandagala, kwa Maalim Mahamudu, ambaye baba yake ndiye aliyeiandika hirizi. Maalim aliiona kalamu nyekundu, akafumba macho.

"Baba hakukosea, shemeji. Jini yule aliapa kumchukua siku hesabu yake itakapotimia. Baba akaipunguza moja, ahesabu mpaka kiama. Wewe umemtimizia."

"Nifanye nini, Maalim?"

"Mkono ulioharibu ndio utengeneze. Chora upya, katikati weka nne. Usiongeze kitu."

Kulthumu alikuwa mkekani, akiunguruma kwa sauti ya kiume. Profesa akachora. Alipoandika nne, mkewe alitulia. Akafumbua macho yake mwenyewe.

"Baba Yasmini, naomba maji."

Maalim akainuka kumletea. Hapo ndipo Profesa alipoitazama ile nne. Akawaza siku moja msomi mwingine ataikuta karatasi, aujue mwandiko, aseme Twalha hakujua kujumlisha. Mkewe amerudi, anamwangalia, na yeye anawaza hayo! Akaandika pembeni, kwa herufi ndogo kabisa: *Sahihi ni 5.*

Maalim aliporudi na kikombe, aliisoma karatasi.

Kulthumu aliketi wima. Alikipokea kikombe, akayamwaga maji chini, akacheka kwa sauti isiyokuwa yake.

"Usijisumbue, Maalim. Mwenye mke kanikabidhi mwenyewe."