Mtetemo Uliofutwa

Haya yalimpata rafiki yangu, mhandisi anayeigiza injini za meli kwenye kompyuta, zizunguke na kunguruma kabla meli haijang'oa nanga. Alirudi ofisini kuchukua miwani tu, akamkuta mwenzake, mtu wa kufa na kuzikana, ameiwasha kwenye kompyuta injini ya meli iliyozama na kaka wa rafiki yangu. Mtetemo wa silinda ya sita, dalili ya hitilafu, ulikuwa umefutwa kwenye matokeo ya majaribio.

"Nani kafuta?"

"Mimi, dada. Bosi alitaka meli iondoke."

"Nami nikamwambia kaka apande bila wasiwasi!"

Umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha. Kompyuta ilizimika, lakini injini ikaendelea kunguruma. Ndani ya ngurumo spana iligonga bomba: mara tatu, kimya, mara moja, kama kaka yake alivyokuwa akibisha hodi nyumbani.

Kisha mlango ukagongwa vivyo hivyo, nyuma ya mwenzake.