Maharage Sita ya Mbonea

Kaeni chini nyote. Wewe mwenye kamasi, futa kwanza, maana hadithi hii ina chakula.

Huyu ni Nakiete. Ana miaka mitano, magoti machafu, na mdomo usiopumzika.

Anaishi huku juu, milima ya Upare, kwenye ukungu na migomba. Anaishi na mama yake, na mimi bibi yake, na huyu hapa.

Huyu hapa ni Mbonea, mdogo wake. Kichwa kikubwa kama boga. Shingo laini kama mlenda.

Mbonea ana kazi tatu tu duniani. Ananyonya, anajamba, analala.

Fyo, fyo, fyo! Puu! Krooo.

Na kazi zote tatu anazifanyia wapi? Juu ya mapaja ya mama.

Zamani mapaja yale yalikuwa ya Nakiete. Alikaa pale akisukwa nywele. Alikaa pale akilia, na akinuna, na akila ndizi.

Sasa kila akienda, anakuta kuna mtu.

"Mama, nipakate."

"Ngoja, mama. Mdogo wako ananyonya."

Fyo, fyo, fyo! Puu! Krooo.

Jioni akaenda tena. "Mama, nipakate."

"Ngoja, mama. Mdogo wako amelala."

Nakiete akaja kwangu jikoni. "Bibi, huyu ataacha lini kunyonya?"

"Bado sana. Kwanza aanze kula."

"Akianza kula, atashuka kwenye mapaja?"

"Atashuka kidogo."

"Ataanza lini?"

"Akitimiza miezi sita. Nesi wa kliniki amesema hivyo, na safari hii nakubaliana naye."

Sasa sikilizeni. Mimi shule niliipitia mbio. Kalenda ya ukutani naipenda picha yake tu.

Kwa hiyo miezi ya watoto naihesabu kwa maharage. Mwezi mpya ukionekana angani, natia haragwe moja kwenye kikombe cha bati.

Watoto saba nimewahesabu hivyo. Wote wana meno.

Kikombe cha Mbonea kilikaa juu ya rafu. Nakiete akapanda kigoda, akachungulia. Moja, mbili, tatu, nne.

Akahesabu tena, taratibu. Yakawa manne vilevile.

Siku hiyo tulikula kande. Mahindi na maharage, sahani zimejaa.

Nakiete akala mahindi. Maharage mawili akayaficha kiganjani.

Akapanda kigoda. Tup! Moja. Tup! La pili.

Akashuka na uso wa malaika. Siku hizi nikiuona uso ule, natazama mikono.

Kesho yake jiko lilijaa moshi. Nikaingiza vidole kikombeni, nikahesabu bila kutazama. Moja, mbili, tatu, nne, tano... sita!

"Sita!" nikapiga kelele. "Mbonea anaanza kula leo!"

Mama yake akaja na kadi ya kliniki. "Mama, kadi inasema miezi minne."

"Kadi ni karatasi," nikamwambia. "Maharage ni maharage."

Nakiete akatazama dari. Dari yetu haina kitu cha kutazama.

Nikapika uji wa ulezi. Poto, poto, poto!

Nikampakata Mbonea. Shingo ikaenda kulia. Shingo ikaenda kushoto.

Nikachota uji kwa ncha ya kijiko. Nikamgusisha mdomoni.

Pfuu! Ulimi ukausukuma nje.

Nikajaribu tena. Pfuu! Ukaniingia jichoni.

"Mama, acha," mama yake akasema. "Ulimi bado unasukuma. Shingo yenyewe bado. Mtoto hajawa tayari."

"Haiwezekani! Maharage hayasemi uongo."

Nikatoka nje penye mwanga. Nikayamimina maharage kiganjani.

Manne makavu. Mawili laini. Na moja kati ya hayo laini lilikuwa limegandwa na kitunguu.

"Nakiete," nikaita. "Njoo uniambie, mjukuu wangu. Mwezi gani huu umechemshwa na kitunguu?"

Nakiete akafungua mdomo.

Kikatoka kilio. "Nataka mapaja yanguuu!"

Mama akamfuta machozi. "Mapaja yapo, mama. Lakini tumbo la mdogo wako bado linajua maziwa tu. Imebaki miezi miwili. Utangoja?"

"Singoji!"

"Basi nuna," nikamwambia. "Nuna huku unangoja. Mimi mwenyewe nimenuna, nimepigwa uji wa jicho."

Nakiete akanuna. Alinuna vizuri, kwa bidii.

Fyo, fyo, fyo! Puu! Krooo.

Mwezi mpya ukaonekana. Nikatia haragwe moja, kavu, watu wote wakiona.

Shingo ya Mbonea ikakaza. Akajifunza kuketi. Akaanguka upande, bup! Akainuliwa, akaketi tena.

Mwezi mpya ukaonekana tena. Haragwe la sita. Nikalinusa kwanza.

Siku ile Nakiete alikuwa anakula ndizi ya kuchemsha. Ndizi ikipanda, macho ya Mbonea yanapanda. Ndizi ikishuka, macho yanashuka.

Mdomo wazi. Udenda chururu, mpaka tumboni.

Kisha mkono wake, nyaku! Sahani ikapinduka.

"Mwizi!" Nakiete akapiga kelele.

Kisha akamtazama Mbonea mdomoni. Akafikiri. "Bibi... anataka kula?"

Safari hii nikamgeukia mama yake. "Mwanangu, kadi inasemaje?"

"Miezi sita, mama."

"Haya. Kumbukeni wote kwamba nimeiuliza."

Poto, poto, poto! Uji wa ulezi, mzito, usiochuruzika kwenye kijiko.

Tukanawa mikono. Nakiete akapewa kijiko.

"Chota kidogo," nikamwambia. "Kama ukucha wako, ila safi."

Mbonea akaketi wima kwenye mapaja ya mama. Kijiko kikaja. Mdomo ukafunguka. Mimi nikafunika jicho.

Mbonea akakunja uso kama aliyelamba ndimu. Tukangoja pfuu.

Glu!

"Amemeza!" Nakiete akaruka. "Amekula! Haya, shuka sasa!"

Mbonea akamgeukia mama. Akavuta blauzi.

Fyo, fyo, fyo! Puu! Krooo.

"Lakini umekula!" Nakiete akasema. "Bibi, ulisema atashuka!"

"Nilisema kidogo. Uji ni uji, na nyonyo ni nyonyo. Atakula, na atanyonya, mpaka miaka miwili."

Nakiete akatoka, akaenda kukaa nyuma ya migomba, peke yake.

Hakutaka ndizi. Hakutaka hata kunitukania kuku wangu, mchezo wake wa kila siku. Hapo nikajua ameumia kweli.

Siku zikapita. Mbonea akala vijiko viwili. Akala vitatu. Akafika nusu bakuli.

Mchana mmoja mama akaniletea Mbonea. "Mama, mlishe wewe. Ameshanyonya, sasa ni zamu ya uji."

Nikampokea. Nikampa kijiko kimoja, akanipaka pua nzima.

Mama akakaa kwenye kigoda, akaegemea ukuta. Mapaja yake hayakuwa na mtu.

Nakiete akaona. Akajifanya anatafuta kitu sakafuni.

Akatafuta karibu. Akatafuta karibu zaidi.

"Unatafuta nini?" mama akamuuliza.

"Sitafuti kitu."

"Njoo ukitafute hapa," mama akasema. Akagonga mapaja yake. Pa, pa!

Nakiete akapanda. Miguu yake ilikuwa imerefuka. Vidole vikagusa sakafu.

"Uuuf! Umekuwa mzito kama gunia la tangawizi."

"Usinishushe."

"Nani amesema anakushusha?"

Nakiete akaweka kichwa kifuani kwa mama. Mama akaanza kumfumua nywele, msuko mmoja, msuko wa pili.

Msuko wa tatu haukufumuliwa. Nakiete alikuwa amelala. Na mama naye amelala, kitana mkononi.

Mbonea akalala mikononi mwangu, mashavu yote uji. Puu!

Nikatazama bakuli. Vilikuwa vimebaki vijiko vitatu.

Nikavila mimi.