Adapta Iliyoitika

Jibu lilifika kabla ya swali. Hiza alidhani macho yanamchezea, akaisogelea kompyuta akasoma tena. Juu kwenye kioo palikuwa pameandikwa *nipo tayari*, na chini yake ndipo lilipofuata swali lenyewe, *uko tayari?* Mwoga angekimbia hapo hapo. Hiza alikuwa fundi, na fundi akiona ajabu hutafuta kosa kwenye kazi yake mwenyewe. Akasema labda saa ya kompyuta imepotea, akaenda zake kula.

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake pale Manundu, mjini Korogwe. Katika vyumba vya nyuma aliishi na mkewe Mwanaidi na binti yao Husna, wa darasa la kwanza, mtoto mwenye maneno mengi mpaka mwalimu wake alikuwa akimhamisha dawati kila wiki. Kazi iliyokuwa mezani haikuwa ya mteja. Ilikuwa ya Semboja, mwalimu wa Mkata, yule aliyewafundisha watoto wa shule mchezo wa chesi mpaka wakawa wanawafunga watoto wa mjini. Hiza na Semboja hawakutoka tumbo moja, lakini waliingia jandoni pamoja kule Handeni, wakalala mkeka mmoja, na Husna alipozaliwa Semboja ndiye aliyemchagulia jina. Kwa hiyo alipokuja na flashi mkononi, Hiza hakumhoji. Ungemhoji wewe?

"Humu kuna injini ya chesi," Semboja alimwambia. "Ya zamani, na hakuna anayeifunga. Tatizo lugha yake. Inaelewana na programu moja tu ya ubao, iliyomo kwenye kompyuta yangu ile mbovu. Nataka iongee na hizi programu mpya."

"Unataka adapta."

"Ndiyo hiyo. Adapta."

Jambo lenyewe si gumu. Injini ya chesi ni programu inayofikiri tu, haina ubao wala kete. Ubao unaouona kwenye kioo ni programu nyingine, na hizo mbili huandikiana ujumbe huku mchezo ukiendelea. Zikitofautiana lugha, fundi huandika programu ya tatu ya kukaa katikati, kama adapta ya plagi inavyokaa kati ya waya na ukuta. Ubao ukiuliza *uko tayari?* na injini haijui swali hilo, adapta huitika kwa niaba yake: *nipo tayari*. Ubao ukiuliza kazi hii ni ya nani, adapta hutaja jina.

"Niweke jina la nani?" Hiza aliuliza. "Injini yenyewe haina mwenyewe."

"Weka lako."

"Mimi sikuiandika."

"Weka lako bwana! Jasho lako, sifa zako." Semboja alimshika bega, lakini macho yake yalikuwa mlangoni. Hiza, maskini, alifurahi hata akaona haya kidogo kwa heshima ile, akaandika jina lake na la baba yake: Hiza Mhina.

Harufu ilianza muda mfupi baadaye. Korogwe nzima tunaijua harufu ya makapi ya mkonge yaliyooza, lakini kiwanda kilikuwa mbali na nyumba yao, na harufu hii ilitoka chini ya meza ya kompyuta. Mwanaidi alideki kwa maji ya moto, akadeki tena kwa dawa, na harufu ikabaki palepale. Halafu ukaja mlio. Tok. Kama mtu aliyeweka kete ya mbao juu ya ubao wa mbao, katika nyumba isiyo na ubao wala kete.

Mchana mmoja, jua la utosi, Mwanaidi alikuwa akichambua mchicha uani na Husna akichora chini kwa kijiti. Ghafla mtoto akainua kichwa.

"Nipo!"

"Nani kakuita?"

"Baba."

"Baba yako yuko sokoni."

"Kaniita, mama. Yuko chini ya meza."

Mwanaidi alimbeba mtoto na mchicha wake mkononi, akaenda kukaa kwa jirani mpaka mumewe aliporudi, na alipomsimulia alisimulia kwa sauti ya chini, ya mtu anayeogopa kusikiwa na kuta.

"Bibi yako alituambiaje siku ya harusi?" alimwuliza. "Kuhusu kuitwa?"

Hiza aliyajua maneno hayo tangu hajaota meno. Kwao Handeni kila mtoto alilelewa nayo. *Ukiitwa na usiyemwona, nyamaza. Jini huita mara mbili, halina pumzi ya kuita mara ya tatu. Mwanadamu anayekutaka kweli ataita tena. Hapo itika.* Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Nimeitika," akanong'ona. "Mama Husna, nimekaa pale nikaandika kitu cha kuitika. Kikiitwa mara moja tu kinaitika, hakichoki, hakiulizi anayeita ni nani. Na kinataja jina langu."

Aliifuta adapta, akafuta injini, akaichoma flashi kwenye jiko la mkaa. Haikusaidia. Jini halikuhitaji tena kompyuta, lilikwisha kupata kinywa kingine. Husna aliitika asubuhi akipigwa mswaki, akaitika katikati ya usingizi wa mchana, akaitika huku akicheka na wenzake, na kila alipoitika neno moja la kwake lilipotea. Alisahau kusema maji. Alisahau jina la rafiki yake. Ikafika siku akamtazama mama yake aliyemzaa, midomo ikacheza ikitafuta neno *mama*, na kilichotoka ni "nipo tayari." Mwanaidi alilia mpaka akaishiwa sauti. Walielewa wote wawili kwamba neno la mwisho likiisha, mtoto wao atabaki mlango tu wa kiumbe kingine kupitia.

Na Hiza alifanya nini? Alipanda basi kwenda Mkata kumtahadharisha Semboja! Ndiyo, kumtahadharisha. Semboja alikuwa na mtoto wa kiume, Zaidi, aliyekuwa haongei tangu mwaka uliopita, na Hiza njia nzima alikuwa akisema moyoni, yule mtoto ana shida zake tayari, asije akapatwa na hili pia.

Alimkuta Zaidi amekaa kizingitini. "Shikamoo baba mdogo!" mtoto alimwita kwa sauti kali. "Umekuja na basi gani? Husna yuko wapi? Mbona hukumleta?"

Hiza alisimama pale akiitazama midomo ya mtoto. Semboja alitoka ndani, akamwona, akaelewa kwamba ameeleweka.

"Amepona lini?" Hiza aliuliza.

"Hiza, kaa kwanza."

"Nakuuliza, amepona lini?"

"Siku uliyoweka jina lako." Semboja alimvuta Zaidi karibu. "Niliambiwa likipata jina jingine litahama. Nilikuwa nampoteza, Hiza. Alibakiwa na maneno mawili tu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningekuja kwako! Ningekwambia, ndugu yangu, nina janga, tukae tulie pamoja. Wewe ulikuja ukala kwangu, ukampakata Husna, ukacheka naye, na huku unajua unamtoa kafara. Jina ulimpa wewe, Semboja!"

"Ningekwambia ukweli usingeandika."

"Naam. Nisingeandika."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Hiza alikuwa akiusema msemo huo kwa wengine miaka yote, kwa mdomo tu. Alirudi Korogwe na kitu kigumu kifuani, na kitu hicho hakikuwa huzuni.

Mganga aliitwa kutoka Lutindi, Mzee Habakuki, Msambaa mfupi mwenye mabuti ya mvua na hasira za karibu, aliyekuwa akisema sala zake za kanisani na kuchoma mizizi yake katika pumzi ileile. Alimtazama Husna, akanusa chini ya meza, akasonya.

"Hili limezoeshwa kuitikiwa," alisema. "Dawa yake ni kunyimwa. Kesho jua likifika utosini tunafunga milango, tunakaa kimya mpaka alasiri. Litaita kwa sauti za kila mtu. Lisipoitikiwa litatoka, na huko nje atakayeitika wa kwanza ndiye wake."

"Na Semboja, ambaye lilitoka kwake?" Mwanaidi aliuliza. "Ana mtoto."

"Huko limeshaijua njia, litaanza huko. Labda mtoto awe humu ndani na sisi, amefungwa mdomo. Aliye ndani kimya, amepona."

"Na akija mtu wa kweli mlangoni?" Hiza aliuliza.

"Nyie Wazigua hamkufundishwa? Akiita mara ya tatu ni mtu. Fungueni aingie upesi."

Jioni ile Mwanaidi alimwambia mumewe, "Nimempigia shemeji. Nimemwambia amlete Zaidi." Hiza alikuwa akimpepea Husna, akaendelea kumpepea.

Kesho yake jua la utosi lilipofika, Semboja alikuwa bado njiani. Habakuki aliwaweka dukani, akafunga mlango kwa komeo, akawasha mizizi, akaweka kidole mdomoni. Hiza alimpakata binti yake, kiganja juu ya midomo yake midogo.

Tok, chini ya meza. Kisha sauti ya mama yake Mwanaidi, aliyezikwa zamani, ikaita kutoka jikoni, "Mwanaidi! Mwanaidi!" na Mwanaidi akauma kanga yake mpaka machozi yakamtoka. Sauti ya mwalimu wa shule ikamwita Husna mara mbili, sauti ya Mwanaidi mwenyewe ikamwita mara mbili ilhali Mwanaidi amekaa pale kinywa kimejaa kanga, na mtoto akajipinda mikononi mwa baba yake akitaka kuitika, kifua kinamwenda mbio, meno yanauma kiganja, na harufu ya mkonge ikapanda ikajaa chumba kizima mpaka Habakuki akafumba macho, na Hiza akazidi kukaza mkono huku damu yake mwenyewe ikimchuruzika kwenye vidole, akisema kimoyomoyo nyamaza mwanangu, nyamaza mwanangu, nyamaza.

Mara harufu ikakatika. Kitu kilipita mlangoni bila kuufungua, na komeo likalia. Husna akalegea mikononi mwa baba yake.

Nje, miguu ya mtu ikakimbia barazani.

"Hiza!" Ilikuwa sauti ya Semboja, inahema. "Hiza!"

Hakuna aliyejitikisa. Habakuki aliinua kidole, anasubiri.

"Hiza! Ndugu yangu, nimekuja na Zaidi, basi liliharibika Segera, tufungulie!"

Mara ya tatu. Habakuki alilionyesha komeo kwa kidevu, fungua. Mganga alikuwa mbali, upande wa pili wa meza, na Mwanaidi alikuwa pembeni. Hiza ndiye aliyekaa mgongo ukiwa umeegemea mlango, na mkewe alimwomba kwa macho, akamshika goti, akalitikisa.

Hiza alimtazama. Alisikia ngumi za Semboja zikigonga mbao mgongoni mwake, akasikia akiitwa kwa jina lake la jandoni, ambalo wao wawili tu ndio waliolijua. Hakusogea. Semboja akaita tena, akaanza kulia.

Mikononi mwake Husna alifumbua macho. "Baba," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, "nataka maji."

Na nje, barazani, katikati ya kilio cha baba yake, mtoto wa kiume akaitika kwa adabu, kama aliyeitwa na mkubwa:

"Nipo tayari."