Jibu Lilikuwa la Fundi

"Kitu cha bure unakiachaje, Bosi? Hebu nieleze taratibu, labda mimi ndiye mzito."

Fundi alikuwa ameegemea sinki, jikoni kwa dada wa mpenzi wake. Yeye alikuwa fundi wa majokofu. Mpenzi huyo alimpachika yeye mwenyewe jina la Bosi, kwa kuwa binti alikuwa msimamizi wa zamu kiwanda cha maziwa na wanaume wenye mvi walimtii bila ubishi.

Kwenye simu ya Bosi kulikuwa na barua pepe mbili. Chuo kikubwa cha biashara, kile ambacho ukikitaja watu wanakaa sawa kwenye viti, kilikuwa kimempa nafasi na kumpunguzia ada nusu. Chuo kidogo kilimpa ufadhili kamili: ada, malazi, hadi vitabu. Majibu yalitakiwa kesho yake.

"Chuo kikubwa kina jina," alisema Bosi.

"Jina utakula?"

"Viwanda vikubwa vinachukua watu wao pale."

"Na hiyo nusu nyingine ya ada? Posa niisogeze tena?"

Bosi akasuuza kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. Alikuwa na jambo moyoni ambalo hakuwa amemwambia Fundi.

"Mimi waliponinyima ufadhili huohuo niliumwa kabisa," Fundi aliendelea. "Eti wazo langu wamelisikia kwa mwombaji mwingine! Yule mwenzangu wa karakana kaniuza mchana kweupe."

"Una hakika ni yeye?"

"Nani mwingine? Nilimwambia yeye na wewe tu."

Simu ikaita. Fundi akaona jina la chuo kidogo, akaweka spika kabla Bosi hajafuta mikono.

"Habari za mchana, dada," ilisema sauti ya mama mmoja. "Napiga kutoka ofisi ya ufadhili. Tunasubiri jibu lako. Jopo zima lilipenda wazo lako."

"Asante," Bosi alisema kwa shida.

"Vile vyumba vya baridi vya kukodisha sokoni! Muuzaji analipia kreti zake tu, halipii chumba kizima. Mwenyekiti wetu anausimulia mradi huo mpaka nyumbani kwake. Basi, tujibu mapema."

Simu ikakatika. Fundi hakuondoa macho kwenye kioo chake.

"Analipia kreti zake tu," akarudia.

"Fundi, haikuwa kusudi."

"Wazo la mtu linakutoka mdomoni kwa bahati mbaya?"

"Ndiyo! Nani alikuwa anakufanyisha mazoezi ya mahojiano? Mimi jopo, wewe mwombaji. Ukikosea nakutamkia jibu lote mpaka ulishike. Mimi nilihojiwa kabla yako. Waliponiuliza nitafanya nini nikihitimu, nikafungua mdomo, ukatoka wewe."

"Ungejisahihisha palepale."

"Walikuwa wananisikiliza mpaka kalamu wameweka chini. Sijawahi kusikilizwa hivyo maishani. Nikaendelea."

"Na nilipomtukana mtu wa watu mbele ya karakana nzima?"

"Nikanyamaza."

"Na wewe mwenyewe unataka nini? Jibu lako lilikuwa lipi?"

Bosi alitafuta la kusema, akakosa. Fundi akachukua funguo zake, akatoka na kurudishia mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Baadaye kidogo ujumbe ukaingia: "Usinipigie. Naenda kumwomba radhi mwenzangu."

Dada mtu, aliyekuwa sebuleni masikio wazi, akaingia.

"Mdogo wangu, chukua ufadhili. Yeye keshanyimwa. Ukiuacha mtakosa wote."

"Nikiuchukua nitaolewa na nani, dada? Na jopo?"

"Usinifanye nicheke, nimekasirika."

Bosi akapiga chuo kidogo. Mama wa ofisi alipopokea, alimweleza yote bila kujitetea: wazo la nani, limemtokaje, nani kaumia, na kwamba ufadhili anauacha.

"Unajua hatuwezi kumpa huyo kijana hivi hivi?" alisema yule mama. "Itabidi ahojiwe upya. Jopo likikataa, basi."

"Najua."

"Na wewe ulitaka kufanya nini hasa?"

Safari hii jibu likaja lenyewe.

"Kuendesha kiwanda. Cha watu wengine. Mimi hata kibanda cha soda sitaki kumiliki. Nataka kiwanda kikubwa, mashine zisilale, zamu zipokezane bila matusi."

"Ungelisema hilo siku ile..."

"Mngenipa ufadhili?"

"Hapana," mama akakiri. "Sisi tunasomesha wanaoanzisha biashara zao. Wewe mahali pako ni chuo kikubwa."

Bosi alikubali nafasi ya chuo kikubwa siku hiyohiyo. Nusu ya ada angeitafuta kwa zamu za wikendi. Hapo hakuwa na wasiwasi. Wasiwasi wake ulikuwa Fundi, ambaye wiki zilipita hajapiga wala kuandika, na Bosi alimlilia bafuni ili dada yake asisikie.

Halafu jioni moja, akitoka kazini, akamkuta amesimama getini na begi lake la vifaa.

"Wamenihoji," alisema Fundi, bila salamu.

"Wakasemaje?"

"Wamenipa."

"Hongera, Fundi. Nimefurahi, kweli tena."

"Mwenyekiti kasema wewe ulilieleza wazo langu vizuri kuliko mimi mwenyewe."

Bosi alitaka kucheka, akajizuia. Uso wa Fundi ulikuwa bado umekunjwa.

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Si za kuisha leo wala kesho."

"Najua, Fundi. Nisamehe."

"Kwa hiyo waambie nyumbani wajomba zangu watakuja Jumapili."

"Kufanya nini?"

"Kuleta posa. Nikikuacha, hasira zote hizi nitammalizia nani?"

Bosi akafuta machozi kwa mkono wa ovaroli.

"Waje asubuhi," alisema. "Jioni niko zamu."