Wenzo Mwekundu

Injini haikuzimika. Ingezimika, rubani angejua la kufanya. Ilififia tu, polepole, kama mtu anayesinzia katikati ya maneno yake, na ndege ndogo yenye injini moja ikaanza kushuka juu ya tambarare ya chumvi isiyo na mwanzo wala mwisho.

Rubani alisukuma wenzo wa nguvu hadi ukomo. Injini haikumjali.

"Mafuta yapo?" aliuliza bila kugeuza kichwa.

"Yapo tele," alijibu fundi, mdogo wake wa kike, aliyekaa kiti cha pembeni. "Ila hayafiki motoni inavyotakiwa. Kuna kitu kinayabana."

"Kitu gani?"

"Sijui, kaka. Tua kwanza, maswali baadaye."

Nyuma yao, katikati ya maboksi ya dawa, mama mkunga aliyekuwa akipelekwa kambi ya machimbo alikaza mkanda wake na kufumba macho.

Magurudumu yaligusa chumvi kwa ulaini wa ajabu. Kwa muda ilikuwa kama wametua juu ya wingu. Rubani akakata mafuta, pangaboi likazunguka likichoka, weupe ukapita madirishani bila sauti. Kisha gurudumu la mbele likapasua gamba la chumvi na kuzama topeni. Ndege ikasimama ghafla. Rubani alirushwa upande, na fundi akasikia mfupa wa bega la kaka yake ukivunjika, mlio mdogo mkavu kama wa kijiti.

Walipotoka nje, pangaboi lilikuwa vidole vinne tu juu ya chumvi. Halikugusa.

"Hapo tumeponea tundu la sindano," alisema rubani, akakaa chini, uso umemjaa jasho.

Mama mkunga alimfunga mkono wa kushoto kifuani kwa kanga yake. Redio ilikuwa inakoroma tu. Asubuhi ile walikuwa wamezunguka mbali kukwepa dhoruba ya vumbi, kwa hiyo watakaowatafuta wangewatafuta kwingine kabisa. Maji yalikuwa lita kumi na moja.

"Kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni," alisema mama mkunga. "Siku nne. Na asiniombe mtu nyongeza, mimi nimewanyima maji watu wanaolia kuliko nyinyi."

Fundi alifungua kifuniko cha injini mchana huo huo, akiwa amejifunika kichwa kwa shati. Chuma kiliunguza vidole. Alifuata mabomba moja moja, kwa jicho kisha kwa ukucha, mpaka ukucha ukakwama kwenye bomba jembamba la hewa, jembamba kama penseli. Ufa ulikuwa mfupi kuliko punje ya mchele.

Hapo akaelewa. Kila injini ya namna ile ina kifaa kinachopima mafuta. Kifaa hicho hakioni moto. Hupokea tu msukumo wa hewa kupitia bomba lile, na kwa kadiri ya hewa ndivyo kinavyoachia mafuta. Hewa ilivujia kwenye ufa, kifaa kikaamini injini imeishiwa pumzi, kikabana mafuta. Kilikuwa kimetii tu kile kilichoambiwa.

Alijaribu kuziba ufa kwa kipande cha kopo na waya, ingawa alijua hewa ya moto ingekipeperusha mara moja.

Siku ya pili chumvi ilianza kuwachezea. Upeo uliyeyuka, mbingu ikashuka chini, na ndege ikaonekana inaelea juu ya maji yaliyotulia. Rubani, homa imempanda, alizungumza na mke wake kana kwamba yuko mlangoni. Fundi naye aliiona karakana. Ilisimama palepale mbele yake, milango wazi: meza yenye trei za skrubu, taa inayoning'inia kwa waya, kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuna aliyejisumbua kuitoa, na kitabu cha ukaguzi kimefunguliwa kwenye ukurasa wa juzi. Aliona mwandiko wake. Aliona saini yake.

Picha ilipoyeyuka, alirudi kivulini chini ya bawa na kukaa karibu na kaka yake.

"Bomba lile nililikagua mimi," alisema. "Juzi. Nilipitisha taa, sikupitisha ukucha. Nilitaka kuwahi nyumbani."

Homa ilikuwa imempungua rubani. Upepo ulipita na kuacha ladha ya chumvi midomoni.

"Ule wenzo mwekundu wa dharura," alisema rubani. "Bado unafanya kazi?"

"Upo sawa. Unakipita kifaa, unapeleka mafuta moja kwa moja. Lakini haupimi chochote. Ukizidisha, moto unayeyusha mapanga yanayozunguka ndani ya injini. Ukipunguza mno, unazima."

"Najua. Nilifundishwa. Mara moja, tena ndege ikiwa imesimama ardhini." Alitazama mkono wake uliofungwa. "Mimi nina mkono mmoja, na huo ni wa usukani. Mafuta utashika wewe."

"Kaka, umesikia nilichokwambia?"

"Nimesikia. Ndiyo maana nakwambia utashika wewe. Safari hii hutakuwa na haraka."

Siku ya tatu walifanya kazi tangu mapambazuko. Wanawake wawili walikata mabonge ya chumvi kwa kifuniko cha boksi na kuyasukuma hadi mkiani ili uzito uinue pua, bonge baada ya bonge, mikono ikichanika na chumvi ikiingia kwenye vidonda. Mama mkunga alikuwa akihesabu kwa sauti, kisha akaacha kuhesabu, kisha akaanza kucheka peke yake.

"Maisha yangu yote nawaambia watu wasukume," alisema. "Leo zamu yangu."

Jua lilipoanza kulegea, mkia uliinama na pua ikapanda, taratibu, kama mnyama anayenyanyua kichwa baada ya kunywa. Walitandika mbao za maboksi chini ya gurudumu na kuzipanga mbele hadi kwenye chumvi ngumu. Wakatoa mabonge yote mkiani. Maji yalibaki vikombe sita.

Siku ya nne, jua likichomoza, gamba lilikuwa bado gumu kwa baridi ya usiku. Fundi alifunga mkanda, mkono wa kushoto juu ya wenzo mwekundu, macho kwenye mshale wa joto la injini. Injini iliamka kwa mluzi mwembamba, moto ukashika, na mluzi ukadumaa palepale.

"Ongeza," alisema rubani.

Akasukuma kiasi cha unene wa ukucha. Mluzi ukapanda. Akangoja. Akasukuma tena. Mbao zikalia chini ya magurudumu, zikabaki nyuma, na weupe ukaanza kukimbia.

"Ongeza. Ongeza kidogo. Hapo!"

Mtikisiko ukaisha. Walikuwa hewani. Mshale ukaruka kuelekea kwenye alama nyekundu, fundi akashtuka na kurudisha wenzo ghafla. Injini ikapiga mshindo, sauti ikaanguka, na ndege ikazama kuelekea kwenye kivuli chake yenyewe.

"Usikimbie," alisema rubani, sauti tulivu kama anayezungumza na mtoto usingizini. "Rudi taratibu. Nimeshika ndege."

Kiganja cha mama mkunga kilitua mgongoni mwa fundi. "Usishindane nayo, mwanangu. Ipe nafasi iitikie."

Fundi alisukuma unene wa ukucha. Akangoja. Ulikuwa muda mrefu kuliko siku zote tatu. Kisha akaihisi kabla ya kuisikia, nguvu ikipanda kupitia chuma hadi kiganjani, na kivuli kikaanza kuwa kidogo chini yao.

Waliruka dakika hamsini hivyo. Hakuna aliyezungumza ila "ongeza" na "punguza", na baada ya muda hata hayo hayakuhitajika. Rubani alivuta pumzi, na mkono wa fundi ukajua. Chumvi ikaisha, ardhi ya kahawia ikaanza, na mbali yakametameta mabati ya kambi. Fundi alipunguza mafuta kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia begani, na magurudumu yakagusa uwanja wa vumbi bila mtu kutambua ni wakati gani yamegusa.

Rubani akakata mafuta. Mluzi ukashuka, ukawa uzi, ukaisha. Watu walikuwa wanakuja mbio na madumu ya maji. Mama mkunga alikwishafungua mlango na kuruka chini, akiita machela kwa sauti ya mtu aliyefika kazini.

Fundi hakuweza kusogea. Vidole vilikuwa vimekakamaa kwenye wenzo, vyeupe kwa chumvi, havimsikilizi.

"Tumefika," alisema kaka yake.

"Najua. Vimekataa kuachia."

Kaka yake akainama, akiuma meno kwa maumivu ya bega, na kwa mkono wake mmoja mzima akaanza kuvifungua kidole kimoja kimoja, bila haraka, huku machozi ya dada yake yakimdondokea kwenye kiganja.