Nilimpa Kendi Nambari Yangu, Akanichagulia Samaki

Nina miaka ishirini na moja na bado naishi kwa mama yangu, kijijini Kibirichia. Msinihurumie bado... mimi mwenyewe napenda kwetu kupita kiasi. Nilisoma shule ya kutwa, na hakuna somo nililolielewa vizuri kama kengele ya kwenda nyumbani.

Nilipofika kidato cha nne nilikuwa na ndoto moja tu: uuguzi. Si uuguzi wa popote! Nilitaka chuo kilicho Meru mjini, ili jioni nirudi kulala kwenye kitanda changu. Cheka ukipenda. Lakini nilisoma kweli. Kemia ilinitoa machozi, nikaisoma hivyo hivyo nikilia.

Deski moja nilikaa na Kendi. Huyo sitamwita rafiki tena, hata kwa kuandika. Yeye pia alitaka uuguzi, chuo kile kile. Tulifundishana, tukala viazi kwenye mkebe mmoja. Ningejuaje?

Muhula wa pili tukaambiwa tuchague kozi za chuo kwenye mtandao. Kompyuta za shule zilikuwa za kupanguswa vumbi tu, kwa hivyo mwalimu wa darasa akatutuma saiba, duka la intaneti, huko Makutano, siku ya Jumamosi. Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu na manyunyu... na mimi nilikuwa jikoni, miguu karibu na moto. Kendi alipopita kuniita, nikamwambia, "Si unijazie tu? Unajua ninachotaka."

Nambari ya siri ya kuingilia ilikuwa ile ya cheti changu cha kuzaliwa. Nilimwandikia kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri kabisa, kama mtu anayealika wageni harusini!

"Wewe na hilo jiko mtaoana," akasema akicheka. Jioni akapita kuniambia kila kitu kiko sawa.

Matokeo yalipotoka nilipata B. Naye B. Mama akachinja jogoo. Tukapewa muda wa kukagua kozi na kubadilisha. Je, nilikagua? Sikukagua! Kendi alisema amekagua zake na zangu, nami nikarudi kumenya viazi.

Siku nafasi za vyuo zilipotangazwa, kaka yangu alisoma kwenye simu yake, akanigeukia. Kisha akauliza, "Wewe, ulianza lini kupenda samaki?"

Ufugaji wa samaki! Chuo kiko upande wa ziwa, safari ya siku nzima. Chaguo la kwanza samaki, la pili samaki, hadi la mwisho samaki. Mimi ambaye omena ikiletwa sokoni napita upande wa pili!

Na Kendi? Uuguzi, Meru mjini.

Nilienda kwao na slipa miguuni. Hata hakukana. Alikuwa akianika nguo, akaendelea kuanika.

"Nafasi zilikuwa chache," akasema. "Na wewe mvua kidogo hutoki nje. Wagonjwa wangekungoja umalize kuota moto?"

Nilimtukana. Matusi yenyewe siyaandiki hapa, mama yangu anajua kusoma. Mama yake akatoka na mwiko akanifukuza hadi barabarani... lakini mwiko haukuniuma. Kilichoniuma ni kwamba nusu ya maneno ya Kendi yalikuwa kweli!

Niliomba nibadilishiwe kozi, nikajibiwa nafasi zimejaa. Ziwani sikwenda. Nimebaki nikipanda viazi na kuchukia watu. Mchungaji amenishauri nisamehe. Nimejaribu, lakini nikifika kwenye jina lake maombi yanageuka kuwa kitu kingine.

Mwezi uliopita nilienda Makutano mwenyewe, kuomba diploma ya uuguzi katika chuo kimoja huko Embu. Cha bweni! Mama mwenye saiba akaniambia, "Acha karatasi, nitakujazia." Nilikataa kwa sauti iliyogeuza vichwa. Nikajaza kwa kidole kimoja, nikisoma kila mstari mara tatu, na foleni nyuma yangu ikinisonya. Jibu bado sijapata.

Ninyi mlio kidato cha nne, nawasihi... jazeni wenyewe, na mkimaliza mkague wenyewe! Usimpe mtu nambari yako, hata kama mnakula mkebe mmoja. Kendi aliniibia, ndiyo, na sitasema vinginevyo hadi nife. Lakini mlango nilimfungulia mimi... tena nikamwambia aurudishe akitoka, baridi isiniingilie!