Mashini Iliyokwenda Misa

Siku ile mjinga alikuwa Isidore. Ukimnunulia soda, hata yeye mwenyewe anakubali.

Ilikuwa Jumapili, saa nne asubuhi, ametoka misa ya kwanza: shati jeupe, viatu vinang'aa, anajipitisha soko la mji wa Baraka kama bwana harusi. Yeye ndiye fundi wa kampuni ndogo ya umeme wa jua. Wiki hiyo alikuwa ameachia kompyuta yenye akili bandia kazi ya kugawa umeme: inatazama nani anatumia, kisha inakata na kuwasha yenyewe.

Katikati ya msongamano akagongana na dada mwenye kitenge cha manjano na beseni la mikeke, samaki wa ziwani. Maji ya barafu yalikuwa yanamchuruzika mpaka viwiko.

"Yaya," akamwita kama kaka yake, "unajua muntu anakata courant hapa, huu umeme?"

Isidore alitazama macho yale, ulimi ukamtoroka. "Namujua. Mupumbavu moja hivi."

"Iko na kichwa kubwa?"

"Kubwa sana! Ndani hamuna kitu."

Dada akacheka. Kwa ajili ya kicheko kile Isidore akajitukana yeye na ukoo wake mpaka kwa babu, akaondoka na jina, Arlette, na namba ya simu.

Jumatatu Arlette akapiga simu ofisini kushitaki.

"Allô, bureau ya courant," Isidore akaitikia.

"We! Sauti hii naijua!"

"Chérie, ngoja nikueleze..."

"Chérie ya nani? Samaki imeniozea beseni mbili!"

Chanzo kilikuwa hiki. Isidore aliifundisha mashini kwa mita za mtaa wake peke yake, mtaa wa Wakatoliki watupu, ambako Jumapili asubuhi nyumba zote zimefungwa. Mashini ikaamini Baraka yote iko misa, ikakata. Lakini Arlette ni Msabato: Jumamosi anapumzika, Jumapili ndiyo friji lake linalisha nyumba nzima.

"Mashini haikosei," Isidore alijitetea. "Ni batu njo banakosa."

"Sawa. Uioe basi hiyo mashini."

Simu ikakatwa. Kwa siku kumi Isidore alipiga, hakuitikiwa.

Siku ya kumi na moja wateja wa kampuni wakakutana katika darasa la shule kuijadili mashini. Arlette akasimama, kilemba juu, sauti haitetemeki.

"Mashini ipendekeze, sawa. Lakini kabla ya kukata, muntu apige simu aulize. Ifundishwe na mita za mitaa yote. Na kwa mulango ya bureau kuandikwe jina ya muntu wa kujibu ikikosa. Bila ile, frigo yangu nachomoa, mi narudia kukausha samaki kwa jua."

Watu wote wakamgeukia Isidore. Wiki nzima alikuwa amejisifu mjini kwa ile mashini. Akawa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Muandike jina yangu. Na chini yake: mupumbavu, kichwa kubwa."

Darasa likaangua kicheko. Arlette akajifunika uso kwa kitenge, mabega yanaruka.

Nje, Isidore akamkimbilia akihema. "Arlette, mpenzi wangu, sitaki tena kupiga simu bure. Nakuja kwenu na bajomba, nikuombe kwa papa yako. Jumamosi hii, asubuhi. Nimeshaamua, usinibishie!"

Arlette akamtazama toka viatu mpaka nywele.

"Jumamosi asubuhi, kwa nyumba ya Basabato? Mashini, we njo uliifundisha mubaya. Na we, nani alikufundisha? Kuja Jumapili."